Simu ya Mgonjwa: Kupona Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Saratani

Kipindi cha afya kwa Kiswahili. Kinachezwa kwa spika katika vituo vya kusikiliza na kwenye baraza za vituo vya afya, Lobule, Rhino Camp na Imvepi. Nakala hii ni ya viongozi wa vikundi vya wasikilizaji. Sauti: DADA na KAKA, watangazaji, MAMA, BINTI na SISTA, waigizaji. Igizo limetungwa.

MUZIKI WA KUFUNGULIA, UNASHUKA TARATIBU.

KAKA: Salamu kwenu mlioko Lobule, kwenu wa Imvepi na Rhino Camp, na kwenu wenyeji wa Koboko na Arua mnaotusikiliza pamoja na majirani zenu. Najua Rhino Camp siku hizi iko Madi-Okollo na Terego, lakini watu wengi bado wanasema Arua, na sisi tutasema hivyo hivyo.

DADA: Leo tunazungumza kuhusu saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita. Hatutaeleza inavyoanza, hilo tulishalifanya. Leo ni habari ya mtu ambaye ameshapasuliwa, amerudi nyumbani, na hospitali iko mbali.

KAKA: Tusikilize kwanza.

SAUTI: USIKU. MBWA ANABWEKA MBALI. MTU ANAJIGEUZA KITANDANI.

BINTI: Mama, hujalala?

MAMA: Nalala naamka. Hapa karibu na kwapa panachoma, mwanangu. Jana hapakuwa hivi.

BINTI: Ngoja niwashe tochi nipaone.

MAMA: Acha. Wewe bado mtoto, haya si ya kuangalia.

BINTI: Mama, nina miaka 19. Nani mwingine ataangalia? (KIMYA KIFUPI) Pamevimba. Panang'aa. Pana joto.

MAMA: Leo ni siku ya ngapi tangu wanikate?

BINTI: Ya 8. Sista alisema nini kuhusu joto?

MAMA: Alisema mambo mengi, kwa Kiingereza na Kilugbara. Mimi nilikuwa naitikia tu.

BINTI: Na namba yake?

MAMA: Iko kwenye karatasi. Karatasi iko kwenye mfuko wa shangazi yako. Na shangazi yako amebaki Arua.

MUZIKI MFUPI.

DADA: Tutarudi kwa mama huyu. Lakini angalia, kaka yangu: simu ipo, chaji ipo, na mtoto anayejua kuitumia yupo. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili.

KAKA: Na namba ya mtu huyo waliipata mchana, wodini, ikapotea kabla ya usiku ambao wangeihitaji.

DADA: Hapo ndipo tutakapokaa leo. Simu inamsaidia aliyepasuliwa ikiwa mambo machache yamepangwa kabla hajatoka hospitali. Lakini tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu huwezi kumweleza sista kinachokusumbua kama hujui kipi ni cha kawaida.

KAKA: Basi tuchukue saratani ya titi. Titi likiondolewa, nini kinafuata?

DADA: Daktari anapoondoa titi, mara nyingi huondoa pia tezi za kwapani, apate kujua kama ugonjwa umefika huko. Halafu anashona ngozi. Chini ya ngozi hiyo inabaki nafasi tupu, na mwili unaijaza kwa maji. Kwa hiyo huwekwa mrija mwembamba unaotoka chini ya ngozi na kuishia kwenye chupa ndogo. Mwanzoni maji ni mekundu, halafu yanakuwa kama maji yaliyooshewa nyama, halafu manjano. Kila siku yanapungua. Madaktari wengi huutoa mrija maji yakishuka hadi karibu mililita 30 kwa saa 24. Wagonjwa wengine hubaki wodini mpaka utolewe, wengine wanarudi nao nyumbani.

KAKA: Anayerudi nao afanye nini?

DADA: Apime maji saa ileile kila siku, asome alama za chupa, aandike. Na hapa hata katochi, ile simu ndogo ya tochi, inatosha. Andika ujumbe mfupi: "Siku ya 5, mililita 45, rangi ya manjano." Sista anausoma akiwa katikati ya kazi, na unamwambia mengi kuliko ukimpigia ukamwambia "maji bado yanatoka". Kesho yake unaandika mwingine. Ukiona maji yaliyokuwa yanapungua yameongezeka ghafla, au yamegeuka mekundu tena kama damu mbichi, au yananuka, hapo huandiki. Unakwenda.

KAKA: Mrija ukishatolewa?

DADA: Maji yanaweza kujikusanya tena, pakawa na uvimbe laini, ukigusa unatikisika. Kama hauna joto na hauumi, mara nyingi mwili unayanyonya polepole wenyewe. Yakizidi, muuguzi anayavuta kwa sindano safi. Usitoboe nyumbani. Narudia, usitoboe, hata kwa wembe mpya. Na ganzi kwapani na upande wa ndani wa mkono ni ya kawaida, isikutie hofu.

KAKA: Na joto la mama yetu wa kwenye igizo?

DADA: Hilo ni jambo jingine. Vidonda vingi vya upasuaji vinapopata vijidudu, vinaonyesha dalili mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Wataalamu huhesabu siku 30 tangu siku ya kupasuliwa, na katika siku hizo wanataka kusikia kila badiliko la kidonda. Sasa fikiria, kutoka Koboko mjini hadi Arua ni kilomita hamsini na kitu. Kama ulipasuliwa Kampala, ni karibu kilomita 500 na usiku mzima ndani ya basi. Hakuna anayeweza kwenda na kurudi kila anapopata wasiwasi.

KAKA: Ndiyo maana watu wakaanza kutumia picha.

DADA: Na wamejaribu si mbali na hapa. Katika wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, wilaya ileile yenye kambi ya Mahama ya ndugu zetu wa Burundi, wahudumu wa afya wa jamii walipewa simu. Waliwatembelea nyumbani akina mama waliojifungua kwa upasuaji, kama siku ya 10 hivi, wakauliza maswali yaliyoandikwa kwenye simu na kupiga picha ya kidonda. Wataalamu wakatumia picha hizo kuifundisha kompyuta kutambua kidonda kilichoharibika. Ule haukuwa upasuaji wa saratani, lakini kidonda ni kidonda. Na huko Toronto, Kanada, mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wanawake 65 waliotengenezewa titi kwa upasuaji na kurudi nyumbani mapema. Nusu walituma picha na majibu kwa programu ya simu, nusu walifuatwa kwa kwenda hospitali kama kawaida. Wa simu walisafiri mara chache zaidi, na hawakupata madhara mengi kuliko wenzao.

KAKA: Mimi nina swali la mtu wa kambini. Hao wa Toronto wana programu maalum. Huku kwetu iko wapi?

DADA: Swali zuri. Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, walijaribu programu ya Kiswahili ambayo mgonjwa akiwa nyumbani anajibu maswali kuhusu maumivu na dalili nyingine, na timu ya hospitali inayaona majibu. Kwa hiyo lugha yetu haizuii. Lakini usisubiri programu. Kuna utafiti wa New York, wa wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa, waliokuwa kwenye dawa. Waliokuwa wakiripoti dalili zao kwa kompyuta waliishi karibu miezi 5 zaidi ya wenzao. Wengi wakisikia hivyo wanasifu kompyuta. Mimi nasifu kitu kingine: dalili ikizidi, muuguzi alikuwa anapata taarifa, na muuguzi alichukua hatua. Ukiwa na katochi na sista anayejibu, uko karibu na jambo hilo kuliko mwenye simu kubwa ya bei ambaye hajui ampigie nani.

KAKA: Basi tuseme, kesho asubuhi naruhusiwa kutoka wodini. Nifanye nini?

DADA: Kwanza namba. Usiombe namba "ya hospitali" tu. Uliza: nikipata shida usiku nimpigie nani, na mchana nani? Andika namba mbili, na uzijaribu palepale wodini, uone simu inalia mkononi mwa nani. Uliza pia kama anapokea picha za WhatsApp, maana si kila muuguzi anatumia simu yake kwa kazi, na hana wajibu wa kufanya hivyo. Akikataa, muombe namba ya ofisi au ya wodi. Kisha mwambie wewe utapatikana kwa namba ipi, na ya pili ni ya nani. Na usimbipu. Wodini simu inabipiwa mara 20 kwa siku, hakuna anayepiga kurudisha.

KAKA: (ANACHEKA) Hiyo imenipata mimi.

DADA: Pili, sauti. Hili ndilo ningependa kila mtu alibebe leo. Sista anapokupa maelezo ya kwenda nyumbani, omba ruhusa umrekodi. Mwambie: "Sista, naomba nirekodi maneno yako, nyumbani kuna mtu atanitafsiria." Katochi nyingi zina sehemu ya kurekodi sauti. Tunajua hali yetu: sista anaongea Kilugbara na Kiingereza, mgonjwa anaongea Kikakwa, Kilingala, Kiswahili au Kiarabu cha Juba. Mgonjwa ana maumivu, ana usingizi wa dawa, anaitikia tu. Ukiwa na sauti ile kwenye simu, jioni mtoto anayesoma Kiingereza shuleni anaisikiliza mara 3, anakuambia: dawa hii ni mara 2 kwa siku, kidonda kisiloe, urudi Jumanne.

KAKA: Na tatu ni picha ya karatasi?

DADA: Picha ya kila karatasi. Karatasi ya kuruhusiwa, ya dawa, ya rufaa, ya majibu ya maabara. Weka karatasi juu ya meza, pasiwe na kivuli, piga, hakikisha maandishi yanasomeka. Halafu mtumie picha mtu mmoja unayemwamini, zikae kwenye simu mbili. Karatasi inalowa, inaliwa na panya, inabaki kwenye mfuko wa shangazi.

SAUTI: SIMU INALIA. USIKU ULEULE.

BINTI: Shangazi, shikamoo. Samahani kwa kukuamsha. Mfuko wa mama uko kwako? Ile karatasi ya hospitali... ndiyo. Nisomee namba iliyoandikwa kwa kalamu, pale chini.

SAUTI: VIBONYEZO VYA SIMU. SIMU INAITA.

SISTA: Haloo, wodi.

BINTI: Sista, mama yangu aliondolewa titi kwenu siku 8 zilizopita. Tuko Lobule. Kidonda kina joto, kimevimba karibu na kwapa.

SISTA: Pole sana. Kiswahili changu ni cha sokoni, tutaelewana. Anatetemeka? Ana homa?

BINTI: Mwili una joto kidogo. Hatetemeki.

SISTA: Anapumua vizuri? Miguu yote miwili iko sawa, hakuna mmoja uliovimba?

BINTI: Anapumua vizuri. Miguu iko sawa.

SISTA: Kuna maji au usaha unatoka?

BINTI: Hakuna. Pamekauka.

SISTA: Basi usiku huu usipake kitu chochote pale. Si majani, si dawa ya meno, si unga wa vidonge. Kukipambazuka nitumieni picha mbili, halafu mwende kituo cha afya hapo hapo kwenu, mapema, msisubiri jibu langu. Mwambie mganga anipigie kwa namba hii. Akianza kutetemeka au kuchanganyikiwa usiku huu, msingoje asubuhi.

MUZIKI MFUPI.

KAKA: "Picha mbili", amesema. Kwa nini mbili?

DADA: Moja ya mbali kidogo, ionyeshe kifua na kwapa, sista ajue kidonda kiko wapi. Ya pili ya karibu, kama urefu wa mkono mmoja. Piga mchana, mlangoni au chini ya mti, bila flashi, kwa sababu flashi inafanya kila ngozi ing'ae. Weka sarafu ya shilingi 500 juu ya nguo safi, pembeni ya kidonda lakini isikiguse, sista apate kipimo. Sura isionekane. Kesho yake, kama ameomba, piga tena mahali palepale, saa ileile. Picha moja ya leo haisemi kama uvimbe unakua, lakini mbili zinasema. Na bando dogo kabisa linatosha, WhatsApp inazipunguza picha.

KAKA: Vitabu vingi vinasema angalia wekundu.

DADA: Vitabu hivyo viliandikwa na watu weupe. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza usionekane kabisa, na kwenye picha ndiyo kabisa. Tazama kama ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuzunguka nyuzi, kama inang'aa na imekaza. Kisha weka mgongo wa kiganja chako pale, halafu upande wa pili wa kifua, linganisha joto. Hilo picha haliwezi kulionyesha, kwa hiyo liandike chini ya picha: "Pana joto kuliko upande mwingine."

KAKA: Sasa niambie ni wakati gani simu iwekwe chini, mtu aondoke.

DADA: Usaha au harufu mbaya. Kidonda kinachofunguka. Damu isiyosimama ukishakandamiza kwa kitambaa safi. Homa ya kutetemeka. Mguu mmoja, ile sehemu ya nyuma chini ya goti, kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla na kifua kuuma. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na inaua haraka. Aliyepasuliwa tumbo, akitapika bila kukoma na tumbo likajaa, hewa haitoki. Katika hayo piga simu ukiwa tayari juu ya boda boda, kuwaambia kwamba unakuja.

KAKA: Mama wa pale kwetu aliniuliza kuhusu jerikani.

DADA: Afadhali umelitaja. Jerikani la lita 20 likijaa lina kilo 20. Mkono wa upande uliopasuliwa usilibebe, na kichwani usiweke, mpaka hospitali ikuruhusu. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Jembe na kutwanga ni hivyo hivyo. Jamaa wa nyumbani, hapo mjipange, huyu mtu akiambiwa "pumzika" halafu pipa liko tupu, atachota. Lakini mkono wenyewe usilale tu kama umevunjika. Kutoka siku ya kwanza unafungua na kufunga ngumi, unakunja kiwiko, unachana nywele kidogo. Mrija ukishatolewa na sista akikubali, unasimama mbele ya ukuta, unapandisha vidole polepole kama buibui anapanda, mpaka pale panapovuta bila kuuma sana. Kila siku juu kidogo. Weka alama ya mkaa ukutani.

KAKA: Na simu inaingia wapi hapo?

DADA: Kengele. Weka kengele mara 3 kwa siku, hata katochi inayo. Mtu akiwa na maumivu anaahirisha, kengele haiahirishi. Wengine pia wataandikiwa vidonge vya saratani ya titi vya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Miaka 5! Mtu anajisikia mzima mwaka wa 2, anaacha. Kengele ya saa mbili usiku iendelee kulia. Na mkono ule, kwa sababu tezi zimeondolewa, unaweza kuvimba hata baada ya miezi au miaka. Mara moja kwa mwezi zungusha kamba juu ya kiwiko, upana wa vidole 4 kutoka kiwiko, funga fundo, iweke. Mwezi ujao kamba haitoshi? Piga simu. Ukilima, funika mkono huo usikatwe na nyasi.

KAKA: Kuhusu maumivu, watu wanavumilia tu.

DADA: Wasivumilie. Uganda ina morfini ya maji ya kunywa, inatolewa bure, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyofungua njia hiyo. Kila asubuhi yape maumivu namba, 0 hadi 10, mtumie sista hiyo namba pamoja na dawa uliyomeza. Ukifika 7 siku 2 mfululizo, dawa uliyo nayo haitoshi, na hiyo si laana.

MUZIKI MFUPI.

KAKA: Dada, uliniambia una jambo la kusema kuhusu majibu.

DADA: Ndiyo. Upasuaji si mwisho. Kile kilichokatwa kinapelekwa maabara, na majibu mara nyingi huchukua wiki kadhaa. Majibu hayo ndiyo yanayosema kama mgonjwa anahitaji dawa za mshipani, au vidonge, au mionzi. Mama yangu mdogo alipasuliwa katika hospitali moja, sitaitaja. Wakati huo sisi wakimbizi tulihangaika kusajili laini, kwa hiyo laini yake ilikuwa kwa kitambulisho cha jirani mwenyeji. Laini ikafungwa. Hospitali ilipiga, haikupata mtu. Sisi tulijua kidonda kimepona, tukamshukuru Mungu, akarudi shambani. Tuliyapata majibu baada ya miezi 7, tena kwa bahati, uvimbe ulipotokea juu ya kovu. Yalikuwa yamesema aanze dawa.

KAKA: Pole, dada.

DADA: Tulimzika mwaka uliofuata. Siwezi kusema kwamba dawa ingemponya. Nasema ile miezi 7 ilikuwa yetu, na tuliipoteza kwa sababu ya laini ya simu.

KAKA: (BAADA YA KIMYA) Wasikilizaji, tangu Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda imeruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kadi yake ya ukimbizi, au kwa barua ya uthibitisho ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama laini yako iko kwa jina la mtu mwingine, sajili yako kabla ya siku ya upasuaji. Ukibadilisha namba, ipeleke hospitali uliyopasuliwa kabla hujawatangazia marafiki.

DADA: Na usingoje kupigiwa. Weka kengele kwenye simu, wiki 3 baada ya upasuaji: "Uliza majibu." Kisha kila wiki mpaka uyapate. Yakitoka omba picha yake, na uende mwenyewe kueleweshwa. Majibu ya saratani yasisomwe na binamu kwenye WhatsApp.

KAKA: Mimi napenda kukumbusha kitu cha hapa hapa. Kuluva, hospitali iliyo kusini kidogo ya mji wa Arua. Miaka ya 1950 na 1960 daktari Ted Williams alikuwa anaandika kila mgonjwa wa saratani anayefika pale: ni nani, ametoka kijiji gani, ugonjwa ulianza lini. Daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake, na mwaka 1961 Williams alifuatana naye kwenye safari ya gari ya maili kama 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Mwaka 1967 wataalamu walitumia kumbukumbu za Kuluva kuonyesha kwamba wagonjwa wa West Nile walitokea kwa makundi, vijiji vya karibu na miezi ya karibu. Mwaka huohuo ndipo Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanza Mulago. Yote hayo kwa kalamu na daftari. Kwa hiyo muhudumu wa afya wa kijiji, VHT wako, akikuuliza tarehe na mahali unapoishi, usimwone msumbufu.

DADA: Mambo mawili ya haraka kabla muda haujaisha. La kwanza, aibu. Picha ya kifua cha mama haifai kukaa kwenye simu ya familia nzima. WhatsApp huhifadhi picha yenyewe. Baada ya kutuma na sista kuthibitisha ameiona, ifute, pale kwenye mazungumzo na pale kwenye picha zote. Kama simu ni ya mume au ya kaka, mgonjwa aulizwe kwanza kama anakubali. Akikataa, VHT wa kike aje aangalie kwa macho, aeleze kwa maneno. La pili, zile sauti zinazosambazwa: limau na magadi vinaua kansa, majani fulani ni bora kuliko hospitali. Anayetuma mara nyingi anakupenda. Mwambie asante, kisha mtumie sista sauti ileile umuulize kabla ya kunywa, kwa sababu baadhi ya majani yanagombana na dawa.

KAKA: Na mlioko karibu na mpaka, simu ikishika mtandao wa Congo, salio linaliwa au simu ya hospitali haikupati. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wa Uganda mwenyewe.

SAUTI: ASUBUHI. JOGOO. MLANGO WA BATI.

BINTI: Mama, geuka kidogo kwenye mwanga. Hivyo. Sarafu nimeiweka juu ya kanga.

MAMA: Sura yangu isionekane.

BINTI: Haionekani. Imekwenda... Ameshaiona. (ANASOMA) "Nyuzi mbili za mwisho zimevimba. Aanzishiwe dawa leo. Alhamisi mje wodini, mje na karatasi."

MAMA: Mpigie shangazi yako. Karatasi aipige picha sasa hivi, halafu aniletee yenyewe.

MUZIKI WA KUFUNGIA UNAANZA CHINI.

DADA: Mkimbizi mwenye shida ya rufaa au usafiri wa kwenda hospitali anaweza kupiga 0800 323232, simu ya bure ya malalamiko na maombi ya wakimbizi. Wizara ya Afya ya Uganda inapatikana kwa 0800 100066, nayo ni bure.

KAKA: Viongozi wa vikundi, kabla watu hawajatawanyika, kila mmoja atoe simu yake aonyeshwe sehemu ya kurekodi sauti iko wapi. Wiki ijayo tutakuwa na wanaume, tutazungumza kuhusu tezi dume. Kwaherini.

MUZIKI UNAPANDA, UNAISHA.